Loki ya dirisha ilinikatikia mkononi, na kosa halikuwa la loki

Ilikatika saa nne usiku, mvua ya masika ndiyo kwanza inaanza kupiga kutoka upande wa bahari. Nilivuta dirisha la chumba cha watoto lifunge, likagoma. Nikavuta tena kwa hasira, nikasikia "tak", nikabaki na kipande cha loki kiganjani kama mtu aliyeng'oa jino lake mwenyewe.

Mama akauliza kutoka chumba cha pili, "Umevunja nini?"

Mama yangu hajui neno "kuvunjika". Kwake kitu hakivunjiki, huvunjwa na mtu. Nilinuna, lakini mtaona huko mbele kwamba alikuwa sahihi.

Nyumba yetu iko Kigamboni, na madirisha yake ni yale yaliyojaa mji mzima siku hizi: alumini ya slaidi, paneli mbili za vioo zinazopishana kwenye reli, wavu wa mbu kwenye reli yake, na grili nje. Pale paneli mbili zinapokutana katikati kuna loki ya nusu mwezi. Unazungusha mkono wa loki, ule mwezi unaingia kwenye kidaka kilichofungwa kwenye paneli ya pili na kuzivuta zibanane. Mkono huo unaonekana kama chuma kigumu, lakini mingi imemiminwa kwa aloi ya zinki. Ukiulazimisha haupindi ili kukuonya. Unakatika tu.

Grili haitoshi, msinidanganye. Kila mtu wa Dar anamjua kibaka wa kuchokoa dirishani: anapitisha fimbo ndefu kati ya vyuma na kuondoka na simu au suruali yenye pochi mfukoni, nanyi mmelala fofofo. Usiku ule nilikata kipande cha mpini wa fagio, nikakilaza kwenye reli ya ndani nyuma ya paneli kiasi kwamba haisogei. Ni kinga ya maana kuliko loki nyingi ninazozijua, na hadi leo ninacho kimoja chini ya kitanda.

Asubuhi nikamwita fundi. Akalitikisa dirisha mara mbili, akasema limechoka lote, la kubadilisha zima. Bei aliyotaja ilinifanya nimsindikize hadi getini kwa adabu zote. Mume wangu alikuwa safarini, nikasema hili naliweza mwenyewe. Nililiweza, ila kwa safari mbili za pantoni na kioo kimoja.

Safari ya kwanza nilikwenda Gerezani, Kariakoo, na picha ya loki kichwani tu. Muuzaji akanitazama.

"Dada, umetumwa na fundi?"

"Sijatumwa na mtu, kaka. Nataka loki ya dirisha la alumini."

"Ya kulia au ya kushoto?"

Sikujua kama madirisha yana kulia na kushoto. Nikasema kulia, maana ndiyo mkono niliovunjia. Nilipofika nyumbani mwezi ulikuwa unafunguka upande wa ukutani, na matundu ya skrubu hayakulingana: ya zamani yalikuwa na milimita 52 kati ya tundu na tundu, mpya ilikuwa na 48. Kesho yake nikarudi. Yule kaka wala hakushangaa. "Leta sampuli," akasema. "Bila sampuli tutabishana hapa mpaka Magharibi."

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala, simama ndani ya chumba ulitazame dirisha na uone paneli iliyo karibu na wewe, yaani ile yenye loki, iko upande gani. Piga picha loki ikiwa bado imefungwa, mara moja kwa mbele na mara moja kwa ubavu, maana maduka hayakubaliani lipi liitwe kulia na lipi kushoto, lakini picha haina ubishi. Pima kutoka katikati ya skrubu moja hadi katikati ya nyingine, kwa milimita. Pima pia kimo cha loki kutoka pale inapokalia hadi pale mwezi unapong'ata. Hapo ndipo wengi wanakosea, maana loki mbili zinaweza kufanana uso lakini moja ikapita juu ya kidaka bila hata kukigusa. Halafu ifungue na ubebe yenyewe pamoja na kidaka chake. Wakikuuzia vyote viwili kama pea, nunua pea.

Kufungua nako kuna kazi, hasa sisi wa pwani. Fundi aliyejenga alitumia skrubu za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki, na chumvi ya bahari haina simile. Skrubu inapata kutu, na alumini inayoizunguka inatoa unga mweupe, inalika kidogo kidogo. Nilipuliza WD-40, yale mafuta ya kopo ya kulegeza kutu, kidogo nikaenda kupika. Niliporudi nikachukua bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, nikaikandamiza kwa uzito wa mwili na kuzungusha polepole. Moja ilitoka. Ya pili kichwa kilikuwa kimeshalika, bisibisi inateleza tu. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakiweka katikati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza tena. Mpira unajaa pale palipolika, na skrubu ikatoka ikilia. Ingekataa, ilikuwa imebaki kutoboa kichwa chake kwa drili, na hiyo ningemwachia mwenye mkono mtulivu kuliko wangu.

Sasa kioo. Matundu ya alumini yalikuwa yamelegea, skrubu mpya zinazunguka bila kushika. Ukuta wa alumini pale ni mwembamba, hauna nyama. Nikafanya ambacho ungefanya kwenye mbao: nikachukua skrubu ndefu zaidi. Ikaingia vizuri, nikajisifu, nikaongeza nusu mzunguko. "Tii." Mstari mmoja mwembamba ukapanda kutoka kwenye loki hadi kona ya juu ya kioo, taratibu kabisa, mbele ya macho yangu na ya mwanangu aliyekuwa amenishikia tochi.

"Mama, bibi atasema umevunja."

Ukingo wa kioo umejificha ndani ya fremu ile ile unayoitoboa. Skrubu ndefu inakwenda moja kwa moja kuusukuma. Tundu likilegea, ongeza unene, usiongeze urefu: skrubu ya saizi moja juu, urefu ule ule wa ile uliyoitoa. Ikishindikana, fundi alumini ana riveti, yaani pini inayobanwa badala ya skrubu, na kwa kazi ya dakika tano hatakutoza pesa ya kukutoa machozi. Kaza kwa mkono. Mashine ya kukazia iache kabatini, kwa sababu alumini hiyo inalegea kabla hujaachia kitufe.

Skrubu zenyewe nunua za stenlesi. Kwenye mabakuli ya dukani zote zinang'aa sawa, hivyo mimi natembea na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu. Skrubu ikirukia sumaku kwa nguvu, hiyo yaelekea ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya sherehe. Ya stenlesi mara nyingi haishiki au inashika kwa unyonge. Wauzaji wananicheka, ila siku hizi wananionyesha bakuli sahihi moja kwa moja.

Nikabadilisha kioo, nikafunga loki ya pili, ikafunga vizuri. Baada ya siku kumi na kitu ikaanza tena kuwa nzito. Mwezi ukawa unagonga ukingo wa chini wa kidaka badala ya kuingia. Nikashika mkono tayari kulazimisha, nikamkumbuka Mama. Nikaachia.

Nikachuchumaa, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nikaangalia chini.

Paneli ya slaidi inakaa juu ya rola mbili ndogo zilizofichwa kwenye ukingo wake wa chini. Rola zikiisha, au reli ikijaa mchanga, paneli inashuka, na mara nyingi inashuka upande mmoja. Loki iko juu yake, kwa hiyo nayo inashuka, lakini kidaka kiko kwenye paneli nyingine na hakijasogea. Vitu viwili vilivyokuwa vinakutana sasa vinapishana kwa milimita mbili tatu. Wewe unaona loki ngumu, unaongeza nguvu. Na kwa sababu dirisha zito halisukumiki kwa kiganja, mnalivuta kwa kushika huo huo mkono wa loki, watoto nao wanalivuta hivyo hivyo kila siku. Kwangu ndivyo loki ilivyouawa. Ningefunga nyingine tano, zingekufa kwa kifo kile kile.

Kujua ni rahisi. Funga dirisha hadi libaki pengo la upana wa kidole kati ya paneli na fremu ya pembeni, kisha tazama pengo hilo juu na chini. Likiwa sawa, paneli imesimama wima. Langu lilikuwa linaingia kidole juu na chini linaingia njiti ya kiberiti.

Nilianza na reli. Mswaki wa zamani, kijiti, na kitambaa chenye maji ya sabuni. Nilitoa mchanga, nywele, mende wawili, na ufunguo wa kabati tuliouomboleza mwaka jana. Kuna vitundu vidogo kwenye reli kwa nje vya kutolea maji ya mvua. Vyangu vyote vilikuwa vimeziba, ndiyo maana kila masika tulikuwa tunatandika mataulo dirishani na kumlaumu mjenzi. Usipake grisi kwenye reli. Inateleza kwa wiki moja, halafu inakamata kila punje ya vumbi na kugeuka msasa. Nilisugua mshumaa mkavu, inatosha.

Kisha rola. Chini kabisa kwenye ubavu wa paneli kuna kitundu, na ndani yake skrubu. Kwangu, kuizungusha kulia kunasukuma rola chini na paneli inapanda. Mtu mmoja ainyanyue paneli kidogo ili uzito usikae kwenye rola, mwingine azungushe, nusu mzunguko kwa wakati, mkiangalia lile pengo. Upande mmoja ulipanda. Wa pili ulizunguka bila mabadiliko: rola yenyewe ilikuwa imevunjika.

Hapo ni kutoa paneli. Usifanye peke yako. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12 na nusu kwa kila mita ya mraba, hivyo paneli ya sentimita 60 kwa 120 ina kilo 9 za kioo tupu kabla ya alumini. Nilimwita jirani, Baba Zuwena. Unainyanyua paneli iingie zaidi kwenye reli ya juu, chini inatoka kwenye reli yake, unaivutia ndani na kuishusha. Ikigoma kupanda, angalia juu kama kuna kizuizi kidogo kilichofungwa kwa skrubu, kimewekwa makusudi ili mwizi asifanye hivyo hivyo kwa nje. Tukailaza kitandani, tukatoa rola, nikazipeleka zote mbili dukani kama sampuli. Nilizibadilisha zote, maana iliyobaki nayo ilikuwa njiani.

Tuliporudisha paneli, dirisha likawa linasukumwa kwa kidole kimoja. Kimo cha loki bado kilikuwa kinapungua kwa unene wa sarafu, mwezi haukifikii kidaka. Nikakata kipande cha plastiki kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, nikakipachika kati ya loki na fremu inapokalia, nikakaza tena. Kwenye kidaka matundu ya skrubu ni marefu kidogo kwa ajili ya kukisogeza, kwa hiyo kilegeze, funga dirisha, kiache kijitafutie mahali, kisha kaza.

Wapangaji, mwambieni mwenye nyumba kabla hamjafungua chochote, na msitupe loki ya zamani. Na kama uko ghorofani kwenye dirisha lisilo na grili, paneli usiitoe, mwite fundi. Mtu aliye chini barabarani hajui kuwa unajifunza ufundi.

Mama alikuja kulijaribu jioni. Akazungusha mkono wa loki kwa vidole viwili, akafungua, akafunga, akafungua tena. "Hili lilikuwa linataka kufagiliwa tu," akasema, akaenda zake kusali.

Loki iliyokatika ipo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, pamoja na sumaku na karatasi yenye vipimo. Sijaitupa kwa sababu dirisha la jikoni limeanza kulia likisukumwa, na loki yake ni ya upande ule ule.