Nimemaliza matibabu ya saratani, nyumbani wanadhani nadeka

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro. Mwaka jana nilitolewa titi la kulia, nikachomwa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, nikamalizia na mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, dokta akasema vipimo viko safi niendelee na vidonge vya tamoxifen na kliniki. Niliporudi mawifi wakapika pilau, dua ikasomwa, baada ya hapo kila mtu akaondoka na dada wa kazi akaachishwa eti mama kapona. Sasa nikifagia uwanja tu hoi, nikibeba ndoo mkono unavimba, usiku nawaka joto balaa. Mume wangu kahamia chumba cha watoto, kumbe kaambiwa kijiweni mionzi inabaki mwilini na inaambukiza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hongera. Tuanze na huyo mumeo manake ndo anakuumiza zaidi. Mionzi uliyopigwa ilitoka kwenye mashine, ikizimwa imeisha, hakuna kinachobaki mwilini cha kumdhuru yeye wala watoto, na saratani ya titi haiambukizwi kwa kulala pamoja wala kula sahani moja. Ila usimwambie wewe, hatakuamini, nenda naye kliniki inayofuata amuulize dokta kwa mdomo wake. Halafu kuna kingine, inawezekana anaogopa kukuumiza au hajui aliangalieje hilo kovu, na wanaume wetu hawasemi naogopa, wanahama chumba. Watoto wakishalala muulize kabisa, unaogopa nini? Kovu utamwonyesha siku ukiwa tayari, ukitaka kulala na kanga yako ni ruksa.

Huo uchovu sio kudeka, baada ya kemo na mionzi unaweza kukaa miezi na wengine unavuka mwaka, na cha ajabu kulala siku nzima hakuuondoi, kutembea kidogo kidogo kila siku kunasaidia zaidi. Kliniki waombe wakupime wingi wa damu pia. Nyumbani acha kusema "nimechoka", hawakuelewi, wanakuona umesimama na umependeza. Sema kazi kwa majina: kupika napika, ndoo sibebi, mashuka sifui. Mume asikie, watoto wakubwa wasikie, na dada wa kazi arudi hata kwa siku chache za wiki. Hao mawifi wa pilau nao wapigie, waje kufua.

Mkono usiuchukulie poa. Wakitoa tezi za kwapani au sehemu hiyo ikipigwa mionzi, maji ya mwili yanakosa njia ya kupita ndo mkono unavimba. Mwambie dokta akupeleke kwa watu wa fizio, wale wa mazoezi ya viungo, kuna mazoezi na namna ya kuufunga bandeji. Sio kwamba usiutumie kabisa, utakakamaa, uzito unauongeza taratibu kadiri watakavyokuelekeza. Ila siku ukiuona mwekundu, wa moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Joto la usiku mara nyingi ni hiyo tamoxifen, na kemo nayo inaweza kuvuruga hedhi. Nakuomba mwanangu usiache vidonge kimyakimya kama wengine wanavyofanya, kwa kawaida vinatumiwa miaka 5 au zaidi ili ugonjwa usirudi. Mweleze dokta, zipo njia za kupunguza hilo joto, na usichanganye na dawa za mitishamba bila yeye kujua.

Na mzee akisharudi chumbani, kumbuka hedhi kukata sio kinga ya mimba, na kushika mimba ukiwa kwenye tamoxifen ni hatari kwa mtoto. Vidonge vya majira, sindano na vijiti havikufai kwa sababu vina homoni. Tumieni kondomu au uulizie kitanzi cha shaba, na kama kuna ukavu jeli za maji zinauzwa famasi.