Maswali yenu kuhusu siasa za Biblia ya Kiingereza

Makala ya mwezi uliopita kuhusu Biblia ya King James, tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James wa Uingereza, imeleta maswali mengi. Nimechagua yanayogusa mamlaka, kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa hapo.

Ni kweli William Tyndale aliuawa kwa kutafsiri Biblia? Kanisa lilikataza watu wasisome kwa lugha zao? (Msomaji, Morogoro)

Si kila mahali. Biblia nzima ya Kijerumani ilichapwa Strasbourg mwaka 1466, na kabla Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, hajatoa Agano Jipya lake mwaka 1522, Wajerumani walikuwa na matoleo zaidi ya kumi. Uingereza ilikuwa na kisa chake. Wafuasi wa John Wycliffe, msomi wa dini wa Oxford, waliosambaza Maandiko ya Kiingereza tangu miaka ya 1380, walihoji pia mali za Kanisa na uwezo wa mapadre. Tangu hapo wakubwa wakaona Biblia ya Kiingereza na uasi ni kitu kimoja. Mwaka 1409 Askofu Mkuu Thomas Arundel akapiga marufuku tafsiri yoyote mpya isiyo na kibali.

Tyndale alijaribu kufuata utaratibu. Mwaka 1523 alimwendea Cuthbert Tunstall, askofu wa London, akakosa msaada. Akavuka kwenda Ujerumani, na Agano Jipya lake likatoka Worms mwaka 1526, likaingizwa Uingereza kwa siri ndani ya marobota ya nguo. Tunstall akaamuru nakala zichomwe. Kilichowauma wakubwa ni kwamba mtu huyu aliandika "mzee" walipozoea "padre", "kusanyiko" walipozoea "kanisa", na "tubuni" walipozoea "fanyeni kitubio". Ukiyabadilisha hayo, umegusa cheo cha padre, kiti chake cha maungamo na mapato yake. Thomas More, mwanasheria na mtetezi wa Kanisa Katoliki, alilielewa hilo vizuri, ndiyo maana alimjibu kwa vitabu vinene.

Tyndale alikamatwa Antwerp mwaka 1535, na mwaka uliofuata akanyongwa, mwili ukachomwa, huko Vilvoorde karibu na Brussels. Hukumu ilikuwa ya uzushi, yaani mafundisho yake ya upande wa Luther. Kwa hiyo anayesema "aliuawa kwa kutafsiri" amefupisha mno. Hata hivyo naamini asingetafsiri, wasingehangaika kumwinda.

Mbona Mfalme Henry VIII baadaye aliweka Biblia ya Kiingereza makanisani? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu mwaka 1534 alijitangaza mkuu wa Kanisa la nchi yake, na Biblia isiyomtegemea Papa ilimfaa. Mwaka 1537 aliipa kibali Biblia iliyobeba jina la Thomas Matthew. Jina hilo lilikuwa la kubuni. Sehemu kubwa ya kazi ni ya Tyndale, na herufi W.T. zimechapwa humo kwa ukubwa mwishoni mwa Agano la Kale. Hata mwaka haujapita tangu Tyndale auawe.

Mwaka 1539 ikatoka Biblia Kubwa, ya kuwekwa katika kila parokia. Itazame picha ya ukurasa wake wa kwanza: mfalme yuko juu, anagawa Neno kwa maaskofu mkono huu na kwa wakuu wa serikali mkono ule, na wananchi chini kabisa wanamtakia mfalme maisha marefu. Miaka minne baadaye, sheria ya 1543 ikawakataza mafundi, wanagenzi, watumishi, wakulima, vibarua na wanawake wa kawaida kusoma Biblia ya Kiingereza. Mke wa mkubwa aliruhusiwa, lakini ajisomee peke yake. Sheria hiyo inaniuma kuliko moto wa Tunstall, kwa sababu aliyeitia sahihi ndiye aliyekwisha kuwaonjesha watu wake.

King James alitaka tafsiri mpya ya nini, wakati nyingine zilikuwepo? (Msomaji, Tanga)

Tatizo lilikuwa pambizoni. Wakati wa Malkia Mary I, Mkatoliki aliyewatesa Waprotestanti, wale waliokimbilia Geneva walitengeneza Biblia iliyotoka mwaka 1560: ndogo, yenye mistari iliyotiwa namba, na maelezo tele pembeni. Watu waliipenda, wakaisoma nyumbani. Lakini katika Kutoka 1, pale wakunga wanapokataa amri ya Farao ya kuua watoto, maelezo yalisema kutotii kwao kulikuwa halali. Katika 2 Nyakati 15, Mfalme Asa alilaumiwa kwa kumvua mama yake umalkia tu bila kumwua. James, ambaye mama yake alivuliwa ufalme na baadaye kukatwa kichwa mwaka 1587, aliyataja maelezo hayo mawili waziwazi kwenye mkutano wa mambo ya Kanisa katika jumba la kifalme la Hampton Court, Januari 1604, akiyaita ya uchochezi.

Pendekezo la tafsiri mpya lilitoka kwa John Rainolds, wa upande wa Wapuritani, yaani Waprotestanti waliotaka Kanisa la Uingereza lisafishwe zaidi. Mfalme akalidaka na kuligeuza lake. Kanuni walizopewa watafsiri, kupitia Askofu Richard Bancroft, zinajieleza: maneno ya zamani ya Kanisa yabaki, "kanisa" lisiwe "kusanyiko", na pambizoni pasiwe na maelezo ila ya kufafanua Kiebrania au Kigiriki. Katika mkutano uleule James alisema: pasipo askofu, hakuna mfalme.

Je, King James mwenyewe alitafsiri? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Walikuwa wasomi karibu 50, katika makundi sita, Oxford, Cambridge na Westminster.

Nimesikia kulikuwa na "Biblia ya watumwa". Ni uzushi? (Msomaji, Kigoma)

Ni kweli. Ilichapwa London mwaka 1807 kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Habari za Waisraeli kutoka Misri ziliondolewa, na Wagalatia 3:28, panaposema hapana mtumwa wala huru, pia. Amri ya watumwa kuwatii mabwana ikabakizwa. Hawakuhitaji kubadilisha tafsiri hata kidogo, mkasi ulitosha. Kwangu hii ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa.

Mchungaji wetu anasema King James pekee ndiyo Neno la Mungu kwa Kiingereza. Tumjibu nini? (Msomaji, Eldoret)

Mjibuni kwa heshima, kwa maneno ya watafsiri wenyewe. Katika utangulizi wa 1611 waliandika kwamba hata tafsiri duni kabisa ya Kiingereza ni Neno la Mungu. Humohumo wanatetea uamuzi wao wa kuweka pembeni maana nyingine za maneno wasiyokuwa na hakika nayo. Matoleo mengi ya siku hizi huuacha utangulizi huo, kwa hiyo itabidi mumtafutie toleo linalouchapa wote.