Nani kapelekewa tetemeko?

SWALI: Niko Ujiji, naandaa notisi za jiografia. Nimeandika: "Shughuli za viwandani zimepelekea kutokea kwa matetemeko ya ardhi." Mwenzangu anadai ni "mitetemeko". Nani kapatia?

JIBU: Wote wawili. Tetemeko na mtetemeko yamezaliwa na kitenzi kimoja, tetemeka. Kosa ni kuyachanganya upatanisho, "tetemeko umetokea". Kiarabu nacho kilitupa zilizala, siku hizi halisikiki sana. Ugomvi wenu umekwisha, sasa naanza wangu, maana mnagombania kifungo na shati lenyewe limechanika.

"Zimepelekea"! Mtu anaambiwa stesheni ya Kigoma: "Mpelekee shangazi yako Tabora migebuka mitano na dumu la mawese." Yupo mpelekaji, upo mzigo, yupo shangazi. Ile -e- iliyopenyezwa kwenye peleka ndiyo inayomdai shangazi. Mwondoe, migebuka inaozea behewani. Haya, shughuli za viwandani zimempelekea nani tetemeko? Kwa treni ya lini? Alilipokea nani pale Tabora?

Wapo wanaojitetea kwamba kauli ya kutendea hubeba sababu. Hubeba, ila angalia inavyobeba. "Analilia pesa": pesa ndiyo sababu, kulia ndiyo matokeo. Kwa kanuni hiyo "zimepelekea tetemeko" ingetaka tetemeko liwe sababu na viwanda viwe matokeo. Utetezi wenyewe unawafunga. Hiki ni Kiingereza, "lead to", kilichofungwa msuli, basi.

Kibaya zaidi, kwenye mada hii hasa, kitenzi hicho kinaficha kazi yote. Chukua jimbo la Oklahoma, Marekani. Mafuta hupanda kisimani pamoja na maji mengi ya chumvi. Maji hayo hutenganishwa, kisha husukumwa kwa pampu kurudi chini sana, jirani na miamba migumu yenye nyufa za kale. Yakijaa katika vinyweleo vya mwamba, mgandamizo wake hupanda. Kuta za ufa zilizokuwa zimebanana hulegea, msuguano hupungua, upande mmoja unateleza. Zamani jimbo hilo lilizoea tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalipita 900. Nguvu iliyotikisa haikuletwa na pampu. Ilikuwa imejilimbikiza pale pale, pampu ikaifungulia. Kiswahili kina neno la kazi hiyo: kuchochea. Huchochei moto usiokuwepo.

Karibu na mji wa Denver, huko huko Marekani, palikuwa na kisima cha mita 3,671 cha kutupia taka za kemikali za jeshi. Walianza kusukuma mwaka 1962, wakaacha 1966, na matetemeko makubwa kuliko yote yakaja 1967, kwa kuwa mgandamizo ulikuwa ungali unasambaa ardhini. Mpelekaji ameshafunga duka, mzigo ndiyo kwanza unafika!

Kusababisha kuna mahali pake. Groningen, Uholanzi, gesi ilitolewa kwa miaka mingi, mwamba ukapungukiwa na kitu cha kuushikilia, ukatitia, nyumba zikapata nyufa. Pale sema uchimbaji ulisababisha, sina ubishi. Kwa Kariba, bwawa la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, rudi kwenye kuchochea: uzito wa bwawa na maji yaliyopenya chini, kisha mwaka 1963, bwawa limejaa, tetemeko la ukubwa unaozidi 6.

Na kwa kuwa wanafunzi wako wanaoga ziwani, usiwaache wadhani kila tetemeko lina kiwanda nyuma yake. Lile la tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa 6.8, chini ya Ziwa Tanganyika, ni la Bonde la Ufa lenyewe linalozidi kutanuka. Hapo hakuna aliyechochea.

Andika hivi: "Kusukuma maji ya chumvi ya visima vya mafuta chini ya ardhi kumechochea matetemeko Oklahoma." Ni ndefu kidogo, lakini aliyefanya anaonekana, alichofanya kinaonekana, na mahali panajulikana. "Shughuli za viwandani" hata kushona magunia imo.

Najua mtihani wenyewe unaweza kuja na "ni nini kilichopelekea". Mwanafunzi ajibu swali apate alama zake. Asigombane na msimamizi.