Camaro ya 1969 na tairi 255 nyuma

Mambo mkuu, umesema Camaro yako ya 1969 (gari la Chevrolet) umetoa tairi za 225 nyuma ukaweka 255/60R15 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita) kwenye rimu zilezile, sasa tairi inasugua ukipita kwenye tuta. Kabla hujakata bodi jua kwanza inasugua wapi, ndani kwenye springi au nje kwenye mdomo wa madigadi (ukingo wake juu ya tairi), paka chaki ubavuni mwa tairi pande zote uendeshe kidogo utaona ilipofutika. Tairi imeongezeka kama milimita 15 kila upande. Pima gari likiwa limekaa chini na uzito wake, sio linaning'inia kwenye jeki, hapo utadanganyika kabisa, na pima kulia na kushoto maana ekseli yangu haikuwa katikati. Mimi nilikunja mdomo wa madigadi kwa ndani taratibu huku napasha rangi joto isipasuke, ikatosha. Kama inagusa nje, spesa (vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya rimu na habu) usiweke, zitaisukuma tairi nje zaidi.