Taarab asilia na "muziki wa kusubiria ndege": jibu la mpiga fidla

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ndugu yetu wa Mombasa kauliza taarab asilia ifanyweje isibakie kwa wazee na watalii, maana mwanawe wa miaka 16 kamwambia ule ni "muziki wa kusubiria ndege". Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kijana hajakosea sana. Mie napiga fidla kwenye klabu moja hapa Unguja toka 1997, na ukiniuliza nani alimkimbia mwenzake, watu au wapigaji, nitakwambia sisi wapigaji ndio tulioanza.

Nilipoingia tulikuwa fidla saba, akodiani mbili, udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi cha kulaza mapajani), cello, besi, dumbaki (ngoma ya mkono) na rika (tari ndogo). Mazoezi baada ya Isha. Mtu wa mtaani analeta shairi kwenye karatasi ya daftari, fundi wetu analitia sauti, na wiki tatu nne tunabishana nalo mpaka likae. Likishatoka, mtaa mzima unajua nani kaandikiwa, ingawa hakuna jina ndani yake.

Halafu zikaja kazi za hoteli. Siwalaumu, nilikuwamo na dola nilizila. Lakini hoteli haitaki watu ishirini, inataka watano. Haitaki nyimbo mpya, inataka zile sita saba ambazo mgeni kazikuta kwenye CD. Wale fidla wengine wakakaa nyumbani, mmoja akarudi kwenye duka lake Darajani. Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ikiisha wageni wanapiga makofi kwa adabu, wanarudi kwenye pweza wao. Miaka minane hivi klabu yetu haikutoa wimbo hata mmoja.

Tulijijua siku tuliyoalikwa harusi ya mtoto wa mwenzetu. Tukaenda na zile zile sita, tumevaa vizuri, tumefunga nyuzi vizuri. Kina mama wamejaa ukumbi, kanga na manukato, kila mmoja na noti zake mkononi. Wimbo wa kwanza, hakuna aliyenyanyuka kutuza. Wa pili, bibi mmoja akamtuza mwimbaji, naye ni shangazi yake. Saa nne na nusu tukaombwa kwa heshima tupumzike, ikawekwa rusha roho, taarab ya kisasa ya kinanda cha umeme, kwenye spika, na ukumbi mzima ukasimama. Nilikuwa naifuta fidla yangu huku nawatazama wanawake wale wale wakimwaga noti mbele ya spika isiyo na mtu. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Kutuza si pesa tu, ndugu zangu. Mwanamke anapokwenda mbele taratibu kwenye ubeti fulani, anamjibu mtu aliyekaa humo ukumbini. Wimbo wa miaka hamsini iliyopita, mzuri kiasi gani, hauwezi kumsemea yeye na jirani yake wa leo. Wenzetu wa rusha roho walilijua hilo, sisi tukabaki kuwacheka kwa kinanda chao.

Tulichofanya kilikuwa kidogo tu. Mazoezi tukayatoa ghorofani tukayashusha chumba cha chini, mlango wazi barabarani. Wiki ya kwanza walikuja paka na watoto. Wiki ya tano akaja mama anayeuza urojo pembeni, na shairi kaliandika kwenye simu. Mwanzo wake:

Napiga haipokewi, simu yako mahabubu
Ujumbe haujibiwi, moyo wataka jawabu

Fundi akaliweka kwenye bayati, mpangilio mmoja wa sauti za Kiarabu. Harusi iliyofuata, ule ubeti wa pili uliposikika, walinyanyuka watu hata nikapotea mapigo, nawatazama wao badala ya kumtazama mpiga dumbaki.

Wapo humu watakaosema asilia isiguswe. Jee, asilia ipi? Ile ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ilikuwa ya kasri, na ya Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanza 1905 nayo iliimba Kiarabu miaka mingi. Aliyeifanya taarab kuwa yetu ni Siti binti Saad, mtoto wa shamba aliyekuja mjini akaimba Kiswahili cha Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, pamoja na kesi ya mauaji iliyokuwa midomoni mwa watu Unguja hii hii. Alipopelekwa Bombay 1928 kurekodi, alikwenda na habari za mtaani kwake. Angengoja ruhusa ya wahifadhi tungekuwa hatuna cha kuhifadhi.

Au tazama Tausi, kikundi cha wanawake kilichoanzishwa 2009 na Mariam Hamdani. Wanawake wameimba taarab miaka yote, ila udi, fidla na kanuni vikawa vya wanaume. Mpe binti fidla, na mama yake, shangazi zake na wenzake wa skuli wote watakuja kusikiliza. Hiyo tu ni nusu ya ukumbi. Sisi tulichelewa, sasa tunao wasichana watatu kwenye fidla, na mmoja ananipita mie kwa usafi wa sauti (asisome hapa, atavimba kichwa).

Kuhusu kinanda sina ugomvi nacho. Najua kwa nini kimeshinda. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Masika ngozi inalegea, mpigaji anakaa saa nzima na ufunguo wake anakaza na kulegeza, huku mwenye harusi anaangalia saa. Kinanda unakichomeka tu. Lakini kinanda kimoja kikiingia, watu kumi wanatoka, na kila mmoja katika hao kumi ana mke, watoto, na mtaa uliokuwa ukija kumtazama yeye.

Hotelini bado tunakwenda, Jumanne na Jumamosi, kwa zamu. Pesa ile ndiyo inayonunua nyuzi na kulipa umeme wa chumba cha chini. Kaka wa Mombasa, ukivuka huku na mwanao mlete mazoezini, lakini usimkalishe kwenye viti vya mbele. Mkalishe nyuma, karibu na dumbaki, na mkononi umpe rika.