Programu za kupima vifaa: uhame Mbeya au ubaki?

Mdogo wangu, umeuliza kama aliyemaliza elektroniki pale MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, anaweza kuishi kwa kuandika programu za kupima vifaa (za kuifanya kompyuta iamrishe vyombo vya kupimia na kusoma majibu yake), au akimbilie Dar. Usihame kwanza.

LabVIEW, zana ya kuundia programu hizo iliyotoka mwaka 1986, ina toleo la bure tangu 2020, ila si la kazi ya kulipwa. Lugha ya Python na PyVISA, nyongeza yake ya kuongea na vyombo vya kupimia, hazina kizuizi hicho, anza nazo.

Tangazo la kazi lenye jina hilo hutaliona huku. Bisha hodi penye vipimo: viwanda vya chai Rungwe na Mufindi, karatasi Mgololo, saruji Songwe.

Halafu wenzako. Wa fani hii ni wachache, na kwa ninavyowaona hawanyimani ujuzi. Lakini ukiwaomba msaada kwa "haifanyi kazi, nisaidieni" tu, haijibiki (hata mimi naipita). Weka programu yenyewe, kosa lilivyoandikwa na aina ya kifaa. Wajibu na wewe wanaoanza. Nafasi nyingi humwendea mtu ambaye kazi yake imeshaonekana.

Tafuta wawili watatu hapo Iyunga mchangie kununua kipimo kimoja cha umeme (multimeter), hata cha mtumba. Kabla ya kulipa hakikisheni kinapokea amri za SCPI, yaani amri za maandishi zinazotumwa na kompyuta, maana vingi vya bei poa havipokei.