Maswali kwa fundi: Pedali stili yetu imechakaa, tuipake rangi gani?

SWALI: Shikamoo fundi, Mtwara kuchele! Sisi ni vijana wa bendi ya kanisa huku Mikindani. Kuna mzungu alikuwa anafanya kazi za gesi, mkataba wake ulipoisha akatuachia lile gitaa la kulaza lenye miguu minne, pedali tatu chini na leva za magoti, nyuzi kumi, ndo lile linalolialia kwenye nyimbo za country redioni. Sauti iko poa ila rangi imekwisha, upande wa mbele imebanduka mpaka mbao inaonekana na juu kuna alama za vikombe vya chai. Mi nataka nyekundu ya kung'aa, mwenzangu anataka nyeusi, mwenyekiti anasema tupake vanishi tu mbao ionekane. Fundi wa kupuliza magari yupo tayari. Tuamueje?
Mpiga solo, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana, chombo hicho huku kusini mimi nimeshakishika kimoja tu maisha yangu yote. Nawaomba kitu kimoja, msikwangue chochote wiki hii. Najua fundi kashashika msasa, mwambieni atulie kwanza, maana hilo swali la nyekundu au nyeusi halijibiki mpaka mjue mnapaka juu ya nini.

Hivi vyombo viko vya namna mbili. Kuna vilivyopulizwa laka juu ya mbao, zile za kampuni ya Sho-Bud ya Nashville, Marekani, nyingi ziko hivo, na kuna vilivyobandikwa fomaika, hii hii ya meza za hotelini, zile nyeusi za zamani za kampuni ya Emmons ukiziona kwenye picha unadhani ni rangi kumbe nyingi ni fomaika. Ya kwenu mbao imeonekana kwa hiyo nahisi ni laka ila hakikisheni, ligeuze gitaa, tafuta sehemu ya chini isiyoonekana, chovya pamba kwenye tina, ile ya kuzimulia rangi, uibonyeze hapo kidogo. Ikilainika na kunata, ni laka ya NC (nitroselulosi), ile isiyochanganywa na hadina. Isipolainika ni fomaika au ni rangi ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuifanya iwe ngumu. Na kama ni fomaika sahauni kabisa mambo ya kupaka, rangi haishiki vizuri juu yake, itabanduka kama ganda la kitunguu, hiyo ni kuosha, kurudishia gundi palipoachia, na kung'arisha.

Kama ni laka, osheni kwanza. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu kidogo sana na sabuni ya vyombo, kamua mpaka kisidondoshe, futa, kausha hapo hapo. Mtashangaa. Moshi, jasho na vumbi la miaka vinafanya rangi nzuri ionekane imekufa. Zile alama za vikombe angalieni rangi yake, zikiwa nyeupe maji yameishia kwenye laka na mara nyingi polishi inaziondoa, zikiwa nyeusi yameshaingia kwenye mbao. Na mjue kwamba chombo cha zamani chenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, wanunuzi wanakithamini kuliko kilichopakwa upya, kwa hiyo kama baada ya kuosha mnaona inavumilika, mi ningeiacha na kurekebisha ule upande wa mbele tu.

Sasa tuseme imeshindikana, lazima ipakwe. Hapo ndo mbao inaamua. Nyingi zimetengenezwa kwa mepo, mbao nyeupe ngumu ya Marekani na Kanada, na zipo mepo zina madoadoa madogo kama macho ya ndege. Mkiondoa laka mkakuta hayo macho, mwenyekiti kashinda, kuyafunika kwa rangi nzito ni dhambi. Mkikuta mbao ya kawaida, ina viraka na puti, hapo nyeusi au nyekundu nzito ni halali yenu.

Ila kuna mtu hamjamtaja kwenye barua, naye ni mpigaji. Pedali stili haina freti za kugusa kwa kidole, ile mistari ni ya macho tu, mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi na chuma kikipitiliza mstari kidogo tu noti imeharibika, kwa hiyo anaangalia chini muda wote. Hiyo niliyoishika mimi ilikuwa nyeusi tii ya kung'aa, na taa ya ukumbini ilikuwa inatua palepale kwenye freti ya tano kama mwezi ndani ya kisima, jamaa akainama kulia, akainama kushoto, mwisho akafunika na leso ndo akaendelea kupiga. Tangu siku hiyo nasema juu pawe pa kung'aa nusu, msimalizie kwa polishi ya kioo, na mistari ya freti itofautiane na ubao wake, ila upande wa mbele unaotazama watu hapo ng'arisheni mpaka mjione nyuso zenu. Hakuna sheria inayosema pande zote zifanane.

Kwa nyinyi kama mbao ni nzuri mi naona nyekundu ya kupenyeza, yaani rangi nyembamba ndani ya klia (vanishi isiyo na rangi) ambayo mbao bado inaonekana chini yake, na zile bamba za alumini za pembeni zikisafishwa zikawaka, hapo ni pazuri mno, wewe na mwenyekiti wote mmepata. Ubaya wake rangi nyekundu za namna hii nyingi zinapauka kwa jua kwa hiyo msiliweke karibu na dirisha la kanisa. Na msiogope rangi, Lloyd Green, mmoja wa wapigaji wakubwa wa Nashville, kajulikana na Sho-Bud ya kijani.

Kuhusu fundi wa magari, kupuliza anajua, ila mwambieni hili siyo bodi ya basi. Koti nyembamba nyembamba. Palipokaa mashine ya kuvuta nyuzi, matundu ya vyuma vinavyopita chini, na ncha zinapoingia zile bamba, pote pabandikwe tepu, maana rangi ikinenepa hapo bamba halirudi na mkilazimisha kwa nyundo mbao inapasuka. Kabla ya kufungua pigeni picha kila upande na kila leva na kila fito ya pedali muifunge karatasi yenye namba. Nawasihi hapo msifanye haraka, kurudishia bila picha ni kilio.

Laka ya NC ni nzuri kwa sababu ikichubuka baadaye unapuliza juu yake na inashikana na ya zamani, ile ya hadina ni ngumu zaidi ila kuirekebisha ni shida, na ukungu wake una sumu mbaya kwa mapafu, kitambaa usoni hakitoshi, lazima barakoa yenyewe ya rangi. NC nayo inashika moto haraka, jiko la mkaa na sigara vikae mbali. Na subirini kiangazi. Mwaka mmoja mwezi wa pili nilipuliza kabati la spika asubuhi baada ya mvua, hapa uani kwangu Chikongola, klia ikatoka nyeupe kama imemwagiwa uji. Tina ikipaa inapoza ile rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake na kufungiwa ndani. Nilirudia siku ya jua kali, na tina ya kuchelewesha kidogo, ikatoka safi. Kwa hiyo mwezi wa saba wa nane, saa nne asubuhi umande ukishakauka, ndani ya chumba kwa sababu kusi inaleta vumbi. Halafu iacheni ikae wiki tatu nne kabla ya kung'arisha, na msiilaze juu ya mpira au foronya ya plastiki, laka mbichi inakula alama.

Mtaambiwa laka ina sauti tamu kuliko fomaika. Wapigaji wenyewe wanabishana hilo miaka yote. Mi naamini nyuzi mpya na pikapu safi, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, mtazisikia kabla ya rangi.

SWALI: Fundi, gitaa langu lilikuwa jeupe saivi limekuwa kama samli. Nipake upya?
Wa Lindi mjini

JIBU: Hapana kaka. Laka ya NC inageuka njano yenyewe ikizeeka, jeupe linakuwa la samli na la bluu linaelekea kijani. Ukipaka kiraka cheupe kipya kitaonekana kama plasta. Mimi napenda hiyo samli, liache.

SWALI: Habari fundi, huku Newala maganda ya korosho yamejaa. Nasikia mafuta yake yanatengenezea vanishi, je naweza kupaka gitaa langu la mbao?
Binti wa Newala

JIBU: Nzuri dada, na ulichosikia ni kweli, mafuta ya ganda la korosho yanatumika viwandani kwenye rangi, vanishi na hata breki za magari. Ila hayo ni yaliyopikwa na kuchanganywa. Mabichi yanaunguza, waulize wanaobangua kwa mkono wakuonyeshe vidole vyao, na gitaa unalikumbatia kifuani na mkono mtupu umelala juu yake, tafadhali dada usijaribu. Kama unataka kitu cha hapa hapa nenda kwa wachonga vinyago wa Kimakonde uangalie wanavyofanya mpingo, msasa mkavu kuanzia mkali kwenda laini mpaka mbao yenyewe inang'aa, halafu nta kidogo na kitambaa. Kwenye shingo ya gitaa hiyo inatosha kabisa, mkono unateleza vizuri, na ikipauka unarudia jioni moja tu.